Meza ya Watu Wanne, Saa Saba

2 Juni

Mwanangu,

Habari za huko, na za macho ya watu? Sisi huku tupo, na nikisema tupo usidhani nalalamika; kwa umri wetu kuwepo tu ni habari njema. Baba yako mdogo goti la kulia limegoma kabisa, anatembea kama mlango uliolegea bawaba, lakini ukimuuliza atakwambia goti ni zima, sakafu ndiyo imeinama. Mimi mashine ya kufuma inanichosha na inanilisha. Ile shule ya wasichana imebadilisha sweta kutoka kijani kwenda zambarau, na uzi wenyewe unachuja, kila jioni vidole vyangu ni kama vya mtoto aliyeshuka mtini. Chumba chenu tumempangisha mwuguzi mmoja, mpole, anavua viatu nje bila kuambiwa. Nimempa shuka mpya. Zenu nimeziweka.

Najua siku hizi watu wote wanapigiana simu. Mimi simu niliiweka kando tangu siku ile, na unajua, kwa hiyo nivumilie na karatasi zangu.

Nije kwenye lililonikalisha chini. Tarehe kumi na nne Septemba Chiriku atatimiza miaka thelathini na moja. Nasema atatimiza kwa sababu sijapata namna nyingine ya kulisema. Huu mwaka wa tatu. Siku ya msiba ulinishika mkono ukaniambia, “Mama Mdogo, tulikuwa wote, tulikula, tulicheka, akatoka kidogo.” Maneno hayo nimeyavaa kila siku mpaka yamepauka. Nataka mengine.

Mimi sijawahi kuingia mgahawa wa Kigiriki. Sijui hata wanakula nini. Mwanangu alikula chakula chake cha mwisho humo, siku ya kuzaliwa kwake, mchana kweupe, na mimi sijui kilikuwa na chumvi au hakina. Nisimulie. Alikaa wapi? Nani alikuwa mkono wake wa kulia? Mlicheka nini?

Usiharakishe, lakini usichelewe pia.

Mama yako Mdogo


29 Juni

Mama Mdogo,

Nakuamkia kwa heshima, na Baba Mdogo pia, yeye na sakafu yake. Barua yako ilifika mapema, mimi ndiye niliyechelewa. Kazini tumebaki mafundi wawili. Mwenzangu anapima macho mbele, mimi nasaga lenzi nyuma, mchana kutwa nimeinama kwenye jiwe linalozunguka. Wiki iliyopita alirudi mzee mmoja analalamika kwamba miwani niliyomtengenezea inamwonyesha mke wake vizuri mno. Anaitaka ile ya zamani. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Umeniuliza juu ya mgahawa. Tulianza na mwingine, karibu na stesheni ya treni, umeandikwa wa Kigiriki mlangoni lakini mwenyewe hakujua Ugiriki iko upande gani. Ule ulifungwa. Ndipo Mwalimu, yule rafiki yetu wa hesabu, akagundua huu wa pili. Tulikuwa wanne: mimi, Chiriku, Mwalimu, na Mrefu wa benki. Kila mmoja wetu akifikisha siku yake ya kuzaliwa, tunakwenda pale mchana, mara nne kwa mwaka, na sheria ilikuwa moja: mwenye siku ndiye anayetuagizia wote, na hakuna kukataa.

Kuta zimepakwa chokaa, viti vya buluu, meza zina vitambaa vya karatasi unavyoweza kuchorea. Kuna majani ya mzabibu yaliyoviringishiwa wali, yamekunjwa vizuri hata Chiriku akayaita bahasha. “Nifungulie hiyo bahasha tuone imeandikwa nini,” alikuwa akisema. Kuna jibini ya kukaanga ambayo ukiitafuna inalia. Kuna pweza wa kuchoma, na mtindi uliochanganywa na tango na kitunguu saumu, kwa hiyo baada ya hapo hakuna mtu wa kukukaribia siku mbili. Mwenye mgahawa ni Mgiriki wa masharubu, tunamwita Mzee Zeituni. Siku moja Chiriku alimuuliza, “Mzee, kwenye sinema mnavunja sahani mkifurahi. Mbona hapa hamvunji?” Akamjibu, “Vunja, binti yangu. Ukimaliza kuvunja, ingia jikoni uoshe zilizobaki.” Chiriku aliipenda hiyo. Aliirudia mwaka mzima.

Siku ile ilikuwa kama siku zote. Alikaa anatazama dirisha, na gauni lake la maua. Mrefu alikuwa kuliani kwake. Mrefu alitusimulia kisa cha mteja aliyefika benki akasahau sahihi yake mwenyewe, akamwomba Mrefu amwonyeshe aliyoweka mwaka jana. Tulicheka sana. Keki ikaja, akapuliza mshumaa. Kisha akatoka kidogo.

Ndiyo hivyo, Mama Mdogo. Chakula kilikuwa na chumvi ya kutosha.

Ni mimi mwanao


15 Julai

Mwanangu,

Ahsante kwa barua. Tumeisoma mara mbili, mara ya kwanza mimi, mara ya pili mimi nikimsomea baba yako mdogo, aliyejifanya amelala. Goti ni lilelile. Mwuguzi amempa dawa ya kupaka inayonuka hata paka wa jirani amehama. Sweta za zambarau nimebakiza themanini na mbili.

Hizo bahasha umezieleza vizuri. Karibu nizionje.

Kisa cha mteja aliyesahau sahihi yake nimekicheka. Nilikicheka pia uliponiandikia mara ya kwanza, mwaka ule ule, mwezi wa nne, baada ya sherehe yako wewe. Barua ninayo. Labda Mrefu ana kisa kimoja tu na anakizungusha. Watu wa namna hiyo wapo. Na siku ya msiba uliniambia Chiriku alikaa dirisha likiwa mgongoni, jua likamchoma shingo. Sasa unasema alilitazama. Mimi ni mfumaji, mwanangu. Uzi mmoja ukiruka, jicho langu linakwenda hapohapo hata kama sitaki.

Nikiwa kwenye mwezi wa nne, nikuulize. Baada ya sherehe yako hukuja tena nyumbani mpaka siku ya kumzika. Chiriku alikuja peke yake mara mbili. Nilimuuliza mwenzako yuko wapi, akasema, “Nimemkosea, Mama. Ulimi wangu huu.” Nikasubiri amalize, naye chiriku mzima akanyamaza. Alikukosea nini?

Na jambo la pili, kisha nikuache. Ile dawa yake ya kuvuta, ya pumu. Tangu mkiwa wadogo, mkilala kitanda kimoja, niliwafundisha: moja mfukoni kwake, moja mkobani kwako, maana yeye angesahau hata kichwa kama hakingefungwa shingoni. Daktari alisema hakuwa nayo. Yako ilikuwa wapi?

Mama yako Mdogo


24 Agosti

Mama Mdogo,

Nisamehe. Barua yako nimekaa nayo wiki tano kwenye droo ya kazini, chini ya fremu zilizovunjika. Natumaini hamjambo nyote. Mwenzangu wa mbele amejifungua, kwa hiyo sasa napima macho mwenyewe na kusaga mwenyewe. Mtoto ni wa kike.

Maswali yako nimeyaona. Nitayajibu. Lakini kwanza nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu, na naomba usinicheke.

Mwaka wa kwanza baada ya msiba, mwanzoni mwa Septemba, ilipigwa simu. Sauti ya msichana, ya adabu: “Tunathibitisha meza ya Chiriku. Watu wanne, tarehe kumi na nne, saa saba mchana.” Nilijua ni ule mgahawa. Nikadhani aliiweka mwenyewe kabla, maana alikuwa na tabia hiyo, tukimaliza kula anaandikisha ya mwaka unaofuata. Nikakata simu. Nikalia, nikajikaza, nikasema imekwisha.

Mwaka jana ikapigwa tena. Watu wanne, saa saba. Huyo hakuweka meza ya mwaka jana, Mama Mdogo. Alikuwa ameshakaa kaburini miezi ishirini na tatu. Siku yenyewe ilipofika sikuweza kukaa kazini. Nilikwenda kwa miguu, nikasimama upande wa pili wa barabara. Watu walikuwa wanakula, wanaongea. Na ile meza yetu ya dirishani ilikuwa imeandaliwa: sahani nne, glasi nne, mkate kwenye kikapu, kikadi kimeandikwa jina lake. Hakuna mtu. Kiti kimoja kilikuwa kimevutwa nyuma, kama mtu ameinuka sasa hivi. Nilikimbia. Nimepita pale mara moja tu tangu siku hiyo, na nilivuka barabara nisiione.

Juzi wamepiga tena. Msichana yuleyule. Safari hii aliongeza, “Mwaka huu mnakuja?”

Sina amani. Jana nilikuwa nampima mama mmoja, nikamwambia asome herufi ukutani kutoka juu, na alipokuwa anasoma nikasikia anatamka jina la Chiriku, herufi moja moja. Nikamwomba arudie. Akasoma herufi tofauti kabisa. Akaniuliza, “Dada, anayepimwa ni mimi au wewe?”

Nilimtafuta Mwalimu. Alihamia mji mwingine, na aliposikia sauti yangu akasema amekosea namba, wakati aliyepiga ni mimi. Mrefu alinijibu sentensi moja: “Tulikubaliana tusiongee.”

Nani anamwekea meza mtu aliyekufa? Niambie kama kuna ndugu mwenye mchezo huo. Niambie nifanye nini.

Mwanao


1 Septemba

Mwanangu,

Tu wazima. Hongera kwa mwenzako.

Meza ikishaandaliwa, watu huketi. Nenda. Ukitoka huko uniandikie, na mara hii usiniletee kisa cha Mrefu.

Mama yako Mdogo


16 Septemba

Mama Mdogo,

Leo sina salamu. Nikianza kukuuliza goti la Baba Mdogo nitapata pa kujificha, na nimejificha vya kutosha.

Nilikwenda. Nilimwandikia Mrefu kwamba naingia, aje asije. Nilifika saa saba kasoro dakika tano. Msichana wa mlangoni alifungua daftari lake, nikamwambia, “Meza ya Chiriku.” Akanitazama, akafunga daftari bila kusoma, akaenda kumwita Mzee Zeituni.

Mzee amezeeka. Masharubu yamekuwa meupe. Akasema, “Wewe ni mmoja wa wale watatu.”

Nikasema ndiyo.

“Keti.”

Niliketi. Akabaki amesimama, mikono kwenye mgongo wa kile kiti. Akaniambia, “Nimeiandaa meza hii miaka mitatu. Wafanyakazi wangu hawapendi kuihudumia. Huyu msichana alinililia mwaka jana. Nikamwambia aliyeomba ni mama, na mama akiomba meza, mimi nani nimnyime?” Akatoa bahasha tatu mfukoni mwa aproni, akaziweka mbele yangu.

Nilijua kabla sijazifungua. Hakuna mtu mwingine anayeandika M yenye miguu mirefu namna ile. “Bwana mwenye mgahawa, tafadhali niwekee meza ya watu wanne kwa jina la Chiriku. Mthibitishie huyu kwa namba hii. Wasipokuja, iandae hivyohivyo. Mama yake.” Na namba ni yangu.

Nilidhani nitakasirika. Nilichohisi ni kama kuvuliwa nguo iliyolowa.

Kisha nikamwambia yule mzee ukweli. Alikuwa mtu wa kwanza. Wa pili ni wewe.

Mwaka ule, wiki sita kabla ya siku yangu ya kuzaliwa ya mwezi wa nne, yule mchumba wangu alikuwa ameniacha. Nyumbani sikusema. Kwa marafiki sikusema. Nilimwambia Chiriku peke yake, nikamwapisha. Siku ya sherehe yangu, tumekaa meza hiihii, akainua glasi akasema, “Tumshukuru Mungu kwa bwana aliyemkimbia dada yangu, maana angekuja hapa angetumalizia jibini.” Mwalimu akacheka kabla hajaelewa, kisha akaelewa akacheka zaidi. Nami nikacheka. Nilicheka nao, na hukohuko ndani ya kicheko nikaamua kwamba atalipa.

Aliniomba msamaha mara nyingi. Nilimwambia yamekwisha. Hayakwisha, niliyahifadhi. Siku yake ilipokaribia nikawaambia Mwalimu na Mrefu: tumfundishe adabu. Hatuendi saa saba, tunakwenda saa nane. Akae saa moja peke yake, watu wanamtazama, ajue aibu ina ladha gani. Walikataa kidogo, wakakubali. Ilikuwa saa moja tu, Mama Mdogo. Nilikuwa nimemnunulia zawadi. Tulikaa mkahawa wa kahawa mtaa wa nyuma, tukazima simu zote tatu tukazipanga mezani kama karata, na kila robo saa mmoja anasema, “Sasa atakuwa anaangalia mlango.” Tukicheka. Umeniuliza tulicheka nini. Tulicheka hicho.

Mzee Zeituni akanieleza yale nisiyoyajua. Chiriku alifika mapema, akaagiza chakula cha watu wanne, akamwambia, “Mzee, wanakuja, wamekwama njiani.” Kikaja chote. Akafunika sahani zetu na sahani nyingine ili zisipoe. Baadaye kidogo alipiga simu, akaongea na kucheka sana, ndiyo maana mzee hakuwa na wasiwasi. Alidhani anaongea nasi. Kisha Chiriku akajaribu kupiga tena na tena. Ilipobaki kama dakika kumi kufika saa nane akaanza kukohoa, akapekua mkoba, akasema anakwenda hapo kwenye duka la dawa la kona, meza isiondolewe. Alivuta kiti nyuma, akatoka.

Sisi tukatoka kwenye kahawa tunaimba wimbo wa kumpongeza. Tulipopinda kona tukaona watu wamejaa ngazi za duka la dawa. Mrefu ndiye aliyeona gauni, kwa urefu wake. Dawa ilikuwa mkobani mwangu. Ilikuwa pale siku zote. Nilipowasha simu ikaniambia amenipigia mara sita.

Pale kwenye ngazi, kabla hata hajachukuliwa, mimi ndiye niliyewaambia wenzangu: tulikuwa naye mezani. Tulikula. Alitoka kidogo. Wote watatu tukaapa.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunituliza wala hakunifukuza. Alisema, “Basi kaa saa moja,” akaenda jikoni.

Nikakaa. Alileta chakula kilekile, anakikumbuka chote. Ilikuwa saa saba na nusu Mrefu alipoingia, na suti yake ya benki, ameshika kadi ya wafanyakazi shingoni kama anayeomba ruhusa ya kuingia. Aliketi kuliani. Nilikula, kwa sababu Chiriku hakula. Sahani zote zilibaki zimefunikwa, mzee ameniambia. Ulidanganywa na mimi mwenyewe hata kwenye hilo. Mwanao hakula chakula cha mwisho, Mama Mdogo. Alitusubiri.

Sasa unajua. Uliniokota kwa marehemu mama yangu nikiwa na miaka minne, ukaninyoosha, ukanilaza kitanda kimoja na mwanao. Ukinifungia mlango nitaelewa. Sitakuandikia tena mpaka uniruhusu.

Mimi


9 Oktoba

Mwanangu,

Hatujambo. Baba yako mdogo ameanza kutumia fimbo, anaiita mgeni wake. Sweta zimekwisha, walimu wamezipokea na kusema zambarau imekolea mno. Mwuguzi anakusalimu ingawa hakujui. Nimeanza na hayo makusudi, ili ujue barua hii inatoka nyumbani.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na moja. Nimechukua siku kumi na nane kwa sababu kila nikianza kuandika nilikuwa naandika kitu cha kukuumiza, na kila nikimaliza nilikuwa nakichana.

Sijui kama nimekusamehe. Sitaki kukupamba. Kuna siku nakusamehe tangu asubuhi mpaka chai ya saa nne, kisha nakumbuka zile simu mara sita, inanilazimu nizime mashine. Pengine itakuwa hivyo mpaka mwisho. Lakini mlango sijaufunga, na usithubutu kuuona umefungwa kwa sababu ya woga wako.

Umenieleza juu ya zile barua kama vile nilikuwa na hekima. Sikuwa nayo. Mwaka wa kwanza niliweka ile meza ili mteseke. Nilikaa hapa saa saba, nikatazama ukutani mpaka saa nane, nikafurahi kwa namna mbaya. Mwaka wa pili hasira ilikuwa imechoka. Nilitaka tu mtu aende akae pale, asiachwe tena. Mwaka huu nilikutaka wewe.

Utauliza nilijuaje. Ndilo ambalo sijamwambia mtu, hata baba yako mdogo.

Ile simu aliyopiga akicheka, alinipigia mimi.

Nilikuwa kwenye mashine. Akasema, “Mama, nimefika thelathini kasoro mbili!” Nikamwimbia kidogo. Nikamuuliza mko wote? Akasema tuko wote, Mama, hapa ni fujo tupu, Mrefu anatuchekesha, dada yangu amevaa ile blauzi ya manjano, tumepatana, Mama, amenisamehe. Mashine inapiga kelele, unaijua. Nikaizima, ili niisikie hiyo fujo yenu. Nilitaka nikusikie wewe hasa.

Hapakuwa na fujo, mwanangu. Kulikuwa na muziki kwa mbali, na watu wa meza nyingine. Karibu yake kulikuwa kimya. Mama anajua kimya cha chumba alichomo mwanawe. Nikaelewa palepale kwamba yuko peke yake. Ningemwambia, “Chiriku, inuka, urudi nyumbani, nitakupikia.” Angekuja. Sikumwambia. Niliona haya kwa niaba yake. Alikuwa amenipambia ile meza vizuri, na kukupatanisha naye humohumo kwenye uongo wake, nikaona nikimfumua nitamvunja moyo siku yake ya kuzaliwa. Nikamwachia. Nikawasha mashine. Hilo ni langu, na ndilo lililonifanya niache kushika simu. Wewe una lako, mimi nina langu. Wote wawili tulimwacha pale.

Kabla ya kukata nikamwambia, “Haya, wasalimie wenzako.”

Nikamsikia anageuza uso, sauti ikaenda mbali na simu. “Jamani! Mama anawasalimia!” Nikasubiri. Kijiko kiligonga sahani, basi. Kisha akarudi, mchangamfu kabisa: “Wanasema ahsante, Mama. Wanasema na wewe pia.”

Salamu hizo hazikupokelewa na mtu. Nimezituma tena leo. Zipokee wewe, mpe na Mrefu, na Mwalimu umtafute popote alipo, hata akikwambia amekosea namba, umfikishie.

Mama yako Mdogo